Kapsuli za chai ya rangi zenye ladha: zipi zinafaa kununuliwa Mtwara na Lindi

Mashine ya kikombe kimoja haichemshi chai. Inasukuma maji ya moto yapite kwenye majani yaliyofungwa ndani ya kapsuli, kikopo kidogo cha kikombe kimoja, kwa muda usiozidi dakika moja, mara nyingi nusu yake, na kazi imekwisha. Jambo hilo moja ndilo linaloamua kapsuli ipi itakupa kikombe cha maana na ipi itakupa maji mekundu yenye harufu ya boksi. Wengi hununua kwa kuangalia picha: vijiti vya mdalasini, iliki zimetawanywa mezani, mvuke unapanda. Wakifika nyumbani Shangani au Ligula wakabonyeza kitufe, chai inatoka imechuja kuliko ile ya mama muuza vitumbua pale kona, na lawama zote anabebeshwa aliyeuza mashine.

Mashine haina kosa. Mdalasini ni gome, tangawizi ni tunguu. Vyote viwili vinataka moto na muda. Sufuriani unavipa dakika kumi mpaka jiko zima linukie. Ndani ya kapsuli vinapata sekunde 30 hadi 60, tena kwa maji ambayo kwenye mashine nyingi hayafiki hata nyuzi 95. Mafuta ya maganda ya limau, chungwa na bergamoti ni mambo tofauti: yamekwisha kunyunyiziwa juu ya majani kiwandani, na maji ya moto yanayabeba yanapogusa tu. Kwa hiyo kanuni ya kununulia ni fupi. Ladha za jamii ya limau na chungwa, nunua. Ladha za kuchemsha, kuwa na shaka nazo mpaka usome viambato.

Kabla ya ladha kuna mashine yenyewe, maana kapsuli haziazimani. Nespresso za nyumbani zipo za aina mbili zisizoingiliana: Original, inayosukuma maji kwa pampu yenye shinikizo la bar 19, na Vertuo iliyoingia sokoni mwaka 2014, inayozungusha kapsuli kwa kasi na kusoma msimbo ulio kwenye ukingo wake. Dolce Gusto, nayo ya Nestlé, ina kapsuli pana za plastiki. Tassimo inatumia visahani vyenye msimbo wa mistari, na msimbo ukichafuka mashine inagoma. Keurig ya Marekani inatumia vikombe vinavyoitwa K-Cup, vyenye kichujio cha karatasi ndani, vinavyotobolewa na sindano mbili, moja juu na nyingine chini. Kwa chai yenye ladha, K-Cup ndiyo yenye uteuzi mpana kuliko zote. Original inafuata, kwa sababu viwanda vingi vinatengeneza kapsuli zinazoiingia. Vertuo ndiyo ngumu zaidi. Mwenye Vertuo na mapenzi ya chai ajue amejifunga.

Ila usikimbilie Keurig kwa sababu ya uteuzi huo. Zile zinazokuja na mizigo kutoka Marekani ni za volti 120 na wati karibu 1,500. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 inakufa papo hapo, na wakati mwingine inakufa na moshi. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme ya wati 3,000, kitu kizito kama tofali mbili, na hata hiyo haibadilishi hezi 50 za umeme wetu kuwa 60 za Marekani, hivyo pampu inaweza kufanya kazi kwa mwendo usio wake. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, Uingereza au Dubai haina shida hiyo, plagi tu ndiyo ya kuangalia.

Umeme unapopungua nguvu nako kuna athari kwenye kikombe. Nguvu ya hita inashuka kwa mraba wa volti: ukiwa na volti 190 badala ya 230, hita ya wati 1,300 inabaki na kama wati 890. Mashine zinazopasha maji yakiwa njiani zinaweza kuyatoa kabla hayajashika joto vizuri, na chai inakuwa hafifu bila kapsuli kuwa na kosa. Saa hizo za jioni ambapo taa zinafifia, subiri, au tumia birika. Jenereta ndogo ya kVA 1 au invata ya sola ya ukubwa huo haiiwezi mashine hii. Kwa matumizi ya LUKU lakini, hofu ni kubwa kuliko gharama: kupasha mililita 200 kutoka nyuzi 28 hadi 90 kunahitaji yuniti 0.015 hivi, na ukijumlisha joto linalopotea, yuniti moja inatoa vikombe 35 au zaidi.

Gramu na mililita

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Mfuko wa chai wa kawaida wa Tanzania una gramu 2, maana paketi ya mifuko 50 ni gramu 100, na mfuko huo unakaa ndani ya maji dakika 3 hadi 5. K-Cup ya chai ina gramu 3 hivi. Kapsuli ya chai ya Nespresso Original ina gramu 2 hadi 2.5. Kwa kuwa muda ni mfupi, inabidi maji yawe machache ili nguvu isipotee.

Kwenye Keurig vitufe vya kawaida ni mililita 177, 237, 296 na 355. Gramu 3 kwenye mililita 177 ni asilimia 1.7, gramu zilezile kwenye 355 ni nusu ya nguvu hiyo. Kwa chai yenye ladha bonyeza kitufe kidogo kuliko vyote, na kama mashine ina kitufe cha kuongeza ukali, kinachofanya maji yapite polepole, kitumie. Anayetaka kikombe kikubwa atumie kapsuli mbili. Kubonyeza mara ya pili kwenye kapsuli ileile kunatoa ukakasi tu, harufu ilishaondoka na maji ya kwanza.

Nespresso Original ina vipimo viwili vya kiwandani, mililita 40 na 110. Cha 40 ni cha kahawa. Chai yake inatoka chungu kama dawa ya mwarobaini. Tumia cha 110, kisha ukitaka kujaza kikombe ongeza mililita 80 za maji ya moto kutoka kwenye birika, yasipite ndani ya kapsuli. Kuna ujanja unaosaidia sana hapa: bonyeza, ukiona chai imetoka kiasi cha vijiko vinne vidogo, yaani mililita 20, simamisha. Hesabu sekunde 40. Bonyeza tena na usimamishe ikifika 110. Katika zile sekunde 40 majani yanavimba na kufunguka, na chai inayofuata inatoka na rangi ya kweli. Kwenye Keurig usijaribu kufungua mfuniko katikati ya kazi, kuna maji yenye shinikizo na yanarukia mkono.

Dolce Gusto ina mistari inayoonyesha maji kiasi gani, hadi mistari 7, ambayo ni kama mililita 200. Fuata idadi iliyochapwa kwenye kapsuli kwa mara ya kwanza, halafu punguza mmoja.

Na kikombe kipashwe. Mara nyingi chai inatoka kwenye mdomo wa mashine ikiwa na nyuzi 85 hivi. Mililita 110 zikiangukia kikombe cha udongo cha gramu 300 kilichokuwa kabatini, zinashuka hadi kama nyuzi 65 kabla hujatia sukari. Pitisha maji matupu kwanza bila kapsuli, yaache kikombeni sekunde 20, yamwage. Maji hayo yanaosha pia mabaki ya kahawa, kwa hiyo hatua moja inafanya kazi mbili.

Ladha zenyewe

Earl Grey ndiyo ya kwanza, na kwa mbali. Ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya chungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Harufu inatoka yote katika sekunde za mwanzo, kwa hiyo kapsuli haiipunguzii kitu. Ukiilinganisha na mfuko wa Earl Grey uliokaa dakika 4, tofauti iko kwenye uzito wa chai tu, harufu ni ileile. Kuna watu inawanukia sabuni au manukato. Mara nyingi hiyo inatokana na maji kuwa machache mno, hasa kwa waliobonyeza mililita 40. Iongezee maji ya moto pembeni kabla ya kuihukumu. Inakubali maziwa kidogo bila kukatika, kwa sababu yaliyomo ni mafuta, hakuna asidi. Iwe ya rangi, sukari kijiko kimoja, pembeni kashata ya korosho yenye chumvi kwa mbali: hapo huhitaji zaidi.

Limau inataka umakini. Kuna kapsuli zenye mafuta ya ganda la limau, na kuna zilizotiwa asidi ya limau. Ya pili utaitambua kwenye viambato kwa namba E330. Zote zinafaa kwa chai ya rangi, lakini yenye E330 ukiitia maziwa yatakatika, utapata vipande vyeupe vinaelea. Mwenye nyumba ya wageni anayeweka kapsuli mezani pamoja na maziwa achague isiyo na E330, asije akaitwa na mgeni saa moja asubuhi kuambiwa maziwa yameharibika. Kwa nyumbani swali ni kwa nini ulipie limau la boksi wakati ndimu zipo sokoni mwaka mzima. Kapsuli ya chai nyeusi tupu na nusu ndimu iliyokamuliwa mwishoni inaizidi.

Chungwa na karafuu ni ndugu wa Earl Grey mwenye maneno mengi. Mfano wake unaojulikana ni Constant Comment ya kampuni ya Bigelow ya Marekani, chai nyeusi yenye ganda la chungwa na viungo, inayouzwa tangu 1945 na inapatikana pia kwenye K-Cup. Viungo vyake vimekaa nyuma ya chungwa, ndiyo maana inafaulu kwenye mashine pale chai za viungo vitupu zinapofeli.

Sasa zile za viungo. Kwanza neno. Boksi likiandikwa "Chai" kwa Kiingereza halimaanishi chai. Ulaya na Marekani neno hilo limepewa chai ya viungo ya Kihindi. Ndiyo maana utakuta "Chai Tea", yaani chai chai, na mteja wa Mtwara anarudisha boksi akidhani limeandikwa na mlevi. Kapsuli hizi ziko za namna mbili na bei zake hukaribiana, lakini si kitu kimoja.

Namna ya kwanza ni majani ya chai na viungo vilivyosagwa. Soma viambato, vinapangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Ukikuta chai nyeusi, mdalasini, tangawizi, iliki, halafu basi, tegemea kikombe chepesi: rangi ipo, mdalasini unausikia puani, tangawizi haikwangui koo hata kidogo. Ukikuta baada ya viungo kumeongezwa ladha au mafuta ya viungo, harufu itakuwa kubwa zaidi, ingawa ukali wa tangawizi bado hautakuwepo. Kwa mtu aliyekulia chai ya tangawizi ya Lindi, inayomtoa jasho, hii haimfai. Kwa mgeni ambaye hajazoea ukali, inapita.

Namna ya pili ni unga unaoyeyuka, ulioandikwa "Chai Latte". Hapa mashine haina cha kuchuja: unga wa maziwa, sukari, chai iliyokaushwa na viungo vyote vinaoshwa na maji kuingia kikombeni. Inatoka tamu na nzito, na inafanana na yenyewe kila siku. Lakini si chai ya rangi, sukari yake huwezi kuipunguza, na mwenye kisukari asome kiasi cha sukari kwa kikombe kabla ya kulipa. Kwenye Dolce Gusto kinywaji hiki kinatumia kapsuli mbili, moja ya maziwa na moja ya chai, hivyo boksi la kapsuli 16 ni vikombe 8. Anayegawa bei kwa 16 anajidanganya nusu kwa nusu.

Vanila na karameli: pua inafurahi, ulimi haupati kitu. Bila sukari zinakatisha tamaa, na harufu yake inabaki kwenye mashine hata vikombe vitatu baadaye. Zina nafasi kwenye chai ya maziwa tu.

Pichi, beri na matunda mengine ya picha nzuri, geuza boksi. Mara nyingi kiambato cha kwanza ni choya, cha pili ni tufaha, na majani ya chai hayamo kabisa. Si vibaya, ni kinywaji kizuri cha baridi kwa barafu mchana wa Desemba, lakini anayetafuta chai nyeusi amepotea duka. Choya pia ina asidi, kwa hiyo maziwa usiyasogeze.

Mpaka zifike

Rafu za Mtwara mjini na Lindi mara nyingi hazina kapsuli za chai zenye ladha. Zikiwepo ni za kahawa. Kwa hiyo ni kuagiza Dar es Salaam, na mzigo unapanda basi kilomita 550 na ushee mpaka Mtwara. Kuna mambo manne ya kumwuliza muuzaji kabla hujatuma pesa: picha ya jina la mashine lililoandikwa kwenye boksi, picha ya viambato, picha ya tarehe ya mwisho, na gramu halisi za boksi zima. Gramu ukizigawa kwa idadi ya kapsuli utajua chai ni kiasi gani. Boksi la kapsuli 10 za Original lenye gramu 15 ni la kukimbia, hiyo ni gramu 1.5 kila moja. Tarehe iwe bado miezi sita mbele. Chai nyeusi haiozi, lakini mafuta ya bergamoti na limau yanafifia, na hayo ndiyo uliyolipia.

Mwambie muuzaji aweke boksi ndani ya katoni na magazeti, lisikae karibu na injini. Ukipokea stendi, fungua palepale. Mfuniko wa alumini uliobonyea kidogo si tatizo. Uliopasuka au kuachia ukingoni ni tatizo, kwani maji yatatafuta njia hiyo badala ya kupita kwenye majani. Kwa mwenye biashara, akiba ya mwezi mmoja na nusu si woga: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na mizigo ikakwama.

Nyumbani, unyevu wa pwani ndiye adui. Kapsuli za alumini zimefungwa moja moja na zinavumilia. Zile zinazooza zenyewe, zenye mfuniko wa karatasi au kichujio kilicho wazi chini, hazizuii hewa. Zinategemea mfuko wa nje. Mfuko ukifunguliwa, hamishia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana na uzimalize ndani ya wiki tatu. Usiziweke friji, zikitoka zinatoa jasho. Na usiziweke kabati moja na dagaa au papa mkavu. Chai inavuta harufu kuliko chumvi inavyovuta maji.

Maji, na yanayoharibika

Maji ya visima vya pwani, kwenye ardhi ya matumbawe, yana chokaa. Chai nyeusi ikikutana na chokaa inaweka utando unaong'aa juu ya kikombe na kubandika duara la kahawia ukingoni. Bergamoti ndiyo inayodhulumiwa zaidi, inanyamaza. Tone la ndimu linaondoa utando, lakini mashine bado inajaa mawe ndani. Tumia maji ya chupa kubwa ambayo kwenye lebo jumla ya madini iko chini ya miligramu 150 kwa lita. Maji ya betri usitumie: chai inakuwa bapa, na baadhi ya mashine zinashindwa kutambua kwamba tangi lina maji.

Kuondoa chokaa: gramu 25 za unga wa asidi ya limau kwa lita 1 ya maji, ikiwa kitabu cha mashine hakikatazi. Pitisha nusu, zima, subiri dakika 15, pitisha iliyobaki, kisha lita 2 za maji safi. Kwa maji ya kisima fanya kila mwezi. Kwa maji laini kila vikombe 300. Siki inaacha harufu inayokaa siku kadhaa, na chai yenye ladha itaifichua yote.

Chai ikitoka kidogo kidogo na mashine inalia, sababu kubwa ni sindano iliyoziba. Chomoa umeme, acha ipoe, ingiza waya mwembamba wa klipu ya karatasi, zungusha, kisha pitisha maji matupu mara mbili. Kapsuli za unga wa viungo ndizo zinazoziba zaidi, kwa sababu tangawizi iliyosagwa ina wanga na wanga ukipata maji ya moto unakuwa uji. Majani yakionekana kikombeni, kichujio cha kapsuli kimepasuka, ambayo hutokea ukiifunga mashine kwa nguvu kapsuli ikiwa imekaa upande. Maji yakitoka meupe na kapsuli imebaki kavu katikati, ukingo haukushika: hiyo ni kawaida ya kapsuli za bei rahisi zilizopindika kwa joto la safari. Na pampu ikinguruma bila kutoa kitu baada ya tangi kukauka, imeshika hewa. Jaza tangi juu kabisa, bonyeza kipimo kikubwa bila kapsuli, rudia mara mbili tatu.

Maziwa hayaingii kwenye tangi, hata siku moja.

Kapsuli ya kujaza mwenyewe

Kwa eneo hili, hii ndiyo tunayoipa alama kubwa kuliko boksi lolote. Kapsuli ya chuma cha pua inatumika tena na tena, na chai ya Tanzania imeumbwa kwa ajili yake. Majani yetu mengi, ya Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, yanasindikwa kwa kusagwa, kuchanwa na kuviringishwa kuwa punje ndogo, na punje hizo zinatoa rangi na nguvu haraka. Wapangaji wa daraja wanaita BP1 punje kubwa, PF1 za kati, na chini yake kuna vumbi. BP1 ndiyo inayofaa kapsuli ya chuma. PF1 inafaa ukiipitisha kwanza kwenye chujio la chai kuondoa vumbi. Vumbi lenyewe linaziba matundu, shinikizo linapanda, na maji yanatokea pembeni.

Weka gramu 2, kijiko kidogo kimoja kisichojaa kilima, kapsuli iwe nusu tu. Majani yakilowa yanavimba zaidi ya mara mbili, na ukiijaza mpaka juu hakuna maji yatakayopita. Usishindilie kama kahawa.

Ladha, weka mchaichai. Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya limau na yanatoka haraka vilevile, na karibu kila ua lina shina lake. Kausha majani kivulini siku tatu, yakate kwa mkasi vipande vya milimita 3, changanya robo kijiko kidogo kwa gramu 2 za chai. Yasiwe mabichi, yanaleta ladha ya nyasi. Iliki nayo inawezekana: ponda punje za ganda moja dakika hiyohiyo unapotaka kunywa, si jana yake.

Tangawizi usiiweke ndani ya kapsuli kabisa. Chemsha gramu 20 za tangawizi iliyokatwa kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 10, chuja, weka kwenye chupa ya chai. Tia mililita 60 kikombeni, kisha acha mashine imimine mililita 110 za chai juu yake. Ukali unaupata kamili, sindano inabaki safi.

Kuhusu bei, gawa bei ya boksi pamoja na nauli ya mzigo kwa idadi ya vinywaji. Boksi la kapsuli 10 likiuzwa shilingi 28,000 na basi likachukua 5,000, kila kikombe ni 3,300 kabla ya sukari. Ukiagiza maboksi manne kwa nauli ileile kinashuka hadi 2,925. Gramu 2 za chai ya ndani ndani ya kapsuli ya chuma ni sehemu ndogo sana ya hiyo, ila kuna kuosha na kukausha kila mara, kama nusu dakika ya kazi.

Kwa lodji za Shangani, Mikindani na Lindi mjini: mashine ikae mapokezi, na Earl Grey isiyo na E330, chai nyeusi tupu, na boksi moja la "Chai Latte" kwa wanaotaka utamu. Isipewe kazi ya kifungua kinywa. Wageni 12, kila mmoja dakika moja na nusu ukihesabu kupasha kikombe na kubadili kapsuli, ni dakika 18, na wa mwisho atakuwa amemaliza ming'oko yake akisubiri. Hao chemshia sufuria.